Nilivyoingia Arobaini ya Watu na Kesi ya Hakimiliki

Hili jambo nimelikwepa muda mrefu, lakini kwa kuwa mmenichokoza vya kutosha na hilo jina lenu la Afisa Kuku, leo nalisimulia mwenyewe kabla hamjaliongezea chumvi nyingine, maana nimesikia wengine wanasema nilimvamia bibi wa watu akiwa edani, na wengine wanasema nilimfunga kuku pingu. Sikumfunga kuku yeyote pingu. Mengine yote, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Kazi yangu mnaijua, au mnajifanya mnaijua. Niko kwenye tovuti ya Kaka Hemedi, pale Nachingwea mjini, chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya simu. Watu wa huku kwetu wanapandisha vitu vyao humo: ngoma, harusi, mawaidha, vichekesho, mama anaimba huku anabangua korosho, kila kitu. Mimi nashughulika na malalamiko ya hakimiliki. Mtu akisema "hiyo video ni yangu, fulani kaichukua bila ruhusa," anajaza fomu, mimi naificha video kwa muda, namwarifu aliyeipandisha, namsikiliza na yeye, halafu ndiyo naamua irudi au iondoke. Ukiisikia hivyo unaona kazi ya kistaarabu, subiri ukutane na watu wenyewe.

Kuna bwana wa Ruangwa alidai video ya harusi ya mtalaka wake ni mali yake kwa sababu gari lililombeba bibi harusi aliwahi kulisukuma. Kuna vikundi viwili vya ngoma vilikuwa vinalalamikiana kila wiki mpaka video zote za pande mbili zikawa zimefichwa na hakuna aliyebaki na cha kuonyesha. Na tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kwa tapeli mmoja aliyekuwa anazuia video za watu kwa malalamiko ya uongo, halafu anawapigia pembeni wampe chochote ili ayaondoe. Basi nikawa mtu wa kushuku. Mtu akianza na "salaam, poleni na kazi," namshuku, asipoanza na salamu namshuku zaidi. Hata mama yangu alipotuma picha ya bustani yake nilimuuliza kapiga nani.

Sasa asubuhi moja likaingia lalamiko kutoka Chiola, limeandikwa na mwanamke anaitwa Fatuma. Video anayoilalamikia ni ya mzee mmoja wa Nanganga, Mzee Bakari, amekaa juu ya dungu lake shambani, anapiga debe na kuimba wimbo wa kufukuza nguruwe wasile mihogo, na imepandishwa na binti yake, Zainabu. Ilikuwa inapendwa sana, watu wanairudia kila siku, maana tovuti yetu hairuhusu kupakua. Fatuma kaandika hivi, nayakumbuka kama nayasoma sasa: "Hiyo sauti ni yangu. Huyo mzee kaniibia, na ukoo wake wote ni wezi tangu zamani. Naizuia hiyo video mpaka nipewe kuku mtetea mweupe asiye na doa."

Mkianza kucheka hapo nawaelewa. Mtu yeyote wa huku akisoma maneno hayo anasikia harufu ya utani, na mimi nimezaliwa Nachingwea, sikuletwa na mzigo, nimeona kwa macho yangu mtani akijilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wampe kuku, na wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka. Lakini utani ninaoujua mimi unafanyika msibani, na kwenye ile fomu hapakuwa na habari ya msiba wowote. Kwangu mimi mzee alikuwa mzima, yuko juu ya dungu anapiga debe lake. Basi nikakaa na akili yangu iliyokwisha kuharibika, nikachambua. Mwanamke anadai sauti ya mwanamume, huo ni uongo wa wazi. Halafu anataka apewe kitu ndiyo aachie, huo ni utapeli. Na kuku? Nikajiambia, huyu mjanja, anajua akitaja hela tutamkamata, kwa hiyo kuku ni neno lao la siri. "Mweupe asiye na doa" nikatafsiri kuwa ni noti mpya. (Hilo la noti nilijipongeza kabisa, nikalirudia kwa sauti.)

Nikamwarifu Zainabu, na hapo angekuwa mtu wa kukana au kulia ningetulia. Lakini yeye akajibu: "Mwambieni huyo mwizi tumemsikia. Aje Ijumaa nyumbani Nanganga, kuku yupo, na kamba ya kumfungia yeye pia ipo."

Wanajuana, nikasema. Hawa wawili wanajuana, wanatengeneza ugomvi ili video izidi kutazamwa, halafu wanagawana, na mimi ndiye wamenifanya tarishi wao. Nikamweleza Kaka Hemedi. Yeye alikuwa anabandika kioo cha simu ya mteja, hata hakuinua kichwa. "Rehema, piga simu kwanza. Namba zao si zipo?"

Nikamtazama sana. Kwa nini anataka nipige simu? Kwa nini hashangai? Na mbona yeye mwenyewe ana mashemeji Chiola? Nikaona isiwe taabu, na huyu nisimwambie tena kitu.

Utaratibu wetu unasema ficha. Kuna kitufe cha kuficha, na pembeni yake kuna cha kufuta kabisa, na hicho ukishakibonyeza hakuna kurudi, maana sisi tovuti yetu ni ya kuungaunga, hatuna mahali pa akiba. Mimi nikasema hawa matapeli hawatakula kitu kupitia video hii, nikabonyeza kufuta. Sikuwa hata nimeisikiliza hadi mwisho, nilisikia debe na mistari miwili mitatu ya mwanzo basi. Nikafunga na akaunti zao zote mbili wasije wakapashana habari. Kisha nikanywa chai na mhogo, roho kwatu.

Ijumaa nikavaa baibui, miwani myeusi ya dada yangu, na simu ina chaji, ina bando. Mpango wangu ulikuwa niwakamate mubashara, yaani nirushe moja kwa moja kwenye tovuti yetu hiyo hiyo, watazamaji waone matapeli wanavyopeana mali. Nikapanda gari hadi Ruangwa, nikaunganisha hadi Nanganga. Njiani mama mmoja akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kwa mjomba. Akaniuliza mjomba yupi, yeye anawafahamu wengi. Nikajifanya nimelala.

Nanganga nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke kwa Mzee Bakari. "Panda," akasema, "leo wote wanaelekea huko. Pole sana, dada."

Nikawaza, pole ya nini? Huyu ananitisha? Na hao wote ni akina nani? Kumbe kundi ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nikamwambia anishushe kabla ya kufika.

Laiti ningepita mbele ya nyumba kama watu wenye adabu, ningewakuta wazee chini ya turubai ndiyo wanamalizia hitima ya arobaini, ningeelewa, ningevua miwani, ningesema poleni na ningekula pilau yangu nikarudi nyumbani. Lakini mimi mpelelezi. Nikapita nyuma, katikati ya mihogo, nimejikunja, simu mkononi, nanong'ona kwa watazamaji: "Ndugu watazamaji, tunakaribia eneo la tukio." Nanusa pilau. Nikawaambia watazamaji, mnaona, mali ya wizi wanaifanyia karamu.

Nikachungulia pembeni ya jiko. Naapa, nilichokiona mngekiona na ninyi mngeamini. Msichana mwembamba anamkabidhi mama mmoja mnene kuku mweupe, amefungwa miguu kwa kamba, tena anamwambia, "Mwizi we, chukua chako, uachie video ya watu." Na yule mama anamgeuzageuza kuku, anapuliza manyoya, anatafuta doa.

Nikatoka kwenye mihogo. "Simameni hapo hapo. Mko mubashara. Kuku huyo ni ushahidi, asiguswe na mtu."

Masufuria yakanyamaza. Wazee wakageuka chini ya turubai. Mimi nimesimama na majani ya mihogo kichwani, miwani imekaa upande. Yule mama mnene, ndiye Fatuma mwenyewe, akanitazama kuanzia juu hadi chini bila haraka, akauliza watu, "Huyu naye wa ukoo gani?"

Mzee mmoja akajibu, "Atakuwa mtani wa Nachingwea huyo. Mpisheni afanye kazi yake."

Basi wakapiga makofi. Jamani, wakapiga makofi. Nikakasirika, nikasema mimi sina utani na mtu, mimi ni msimamizi wa hakimiliki, nimekuja kuvunja mtandao wa matapeli, wakazidi kucheka. Nikasema kuku ni neno la siri la noti mpya, mzee mmoja akadondosha kijiko. Nikamnyooshea Fatuma kidole, nikamuuliza mwanamke mzima anadaije sauti ya mwanamume, akinamama wakashikana mabega. Kadiri nilivyokuwa nasema kweli ndivyo nilivyokuwa nawachekesha. Fatuma mwenyewe akaniambia kwa heshima kabisa, "Mwanangu, nimefanya utani miaka yote, lakini wewe wa fomu umenizidi. Huyo kuku tutagawana."

Hapo ndipo nikatazama vizuri. Nikaona vitabu vya hitima. Nikaona mlangoni, ndani kidogo, bibi amekaa kwenye mkeka amejifunika nguo nyeupe, na kila mtu anayepita anainama kumpa mkono. Nikaielewa ile pole ya bodaboda.

Ningenyamaza pale ningekuwa nimepona, wangeniita mtani hodari mpaka leo. Lakini aibu yangu mimi ikinipata huwa inatafuta pa kutokea, kwa hiyo nikajitetea. Nikasema, "Mcheke mtakavyo, lakini hiyo video yenu nimeshaifuta."

Wakacheka na hiyo. Isipokuwa yule msichana mwembamba, Zainabu. Yeye alitoa simu kwenye mkunjo wa khanga, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Akaja karibu yangu, sauti ndogo kama anayeuliza bei. "Dada, umeificha au umeifuta?"

Nikaitazama kamba ya kuku.

"Dada. Ile simu niliyomrekodia baba ilitumbukia chooni siku ya mazishi. Video ilikuwa imebaki kwenu peke yake. Leo baada ya chakula ndiyo tulikuwa tumsikilizishe mama, amengoja tangu jana, ameomba asikie mara moja tu."

Kicheko kiliisha kidogo kidogo, kuanzia waliokuwa karibu mpaka wa kwenye turubai. Kutoka mlangoni nikasikia yule bibi, Bi Somoe, anauliza, "Amesema nini huyo mtoto?" Akauliza tena. Zainabu akaenda akachuchumaa pale, akamwambia sikioni, na bibi akaitikia tu, "Aa," kisha akaanza kuipangusa ile khanga yake ambayo haikuwa na kitu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisema samahani, lakini nadhani hata kuku hakunisikia.

Fatuma ndiye aliyenieleza, pale pale, mbele ya watu, hana hasira hata kidogo na hilo ndilo lililoniumiza. Mzee Bakari na yeye walikuwa watani, ukoo kwa ukoo, na ule wimbo wa nguruwe mwishoni unamtaja yeye, unawaambia nguruwe waende Chiola kwa Fatu, huko ndiko kuna mihogo mitamu na mwenyewe analala fofofo. Ndiyo maana aliandika kuwa sauti ile ni yake. Mzee alipofariki yeye alikuwa amelazwa na malaria, hakuwahi mazishi, hakulala kaburini, hakupata kuku. "Nikasema kaburi limenipita, sasa nizuie nini? Nikaona wameweka video yake huko kwenu, nikaizuia hiyo." Ukimsikiliza vizuri unaona amefuata utaratibu kuliko mimi.

Halafu akamkabidhi mtu mmoja yule kuku, akaingia ndani bila kubisha hodi, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake imeinamia jicho moja. Mzee Bakari inaonekana alikuwa na mguu mmoja mzito, kwa sababu Fatuma aliposhuka kizingiti tu akiuvuta huo mguu, kuna mtu alisema, "Hee, huyo amerudi." Akachukua debe la kuchotea maji, akaligeuza, akakaa juu ya kinu kama yuko kwenye dungu. Akanitazama. "Wewe wa hakimiliki. Shika hiyo simu vizuri, usitetemeke."

Ndiyo kwanza nikakumbuka kwamba muda wote huo simu ilikuwa inarusha, mkono umening'inia, watazamaji wanaona viatu vyangu na kuku. Nikaiinua.

Akaimba. Sijui niwaeleze vipi. Ile sauti nyembamba niliyoisikia mistari mitatu ofisini ikatoka kwenye kifua cha yule mama, na kikohozi chake katikati, na anavyosimama kumtukana nguruwe mmoja aliyekaidi, na debe linavyochelewa kidogo. "Nguruwe we, hapa kuna debe tu, nenda kwa Fatu, kwa Fatu hakuna mlinzi." Alipofika kwenye jina lake akajitukana mwenyewe kwa sauti ya marehemu, matusi ambayo sitayarudia, na kutoka ndani ya mlango nikamsikia Bi Somoe anacheka. Anacheka na kulia kwa pamoja, anasema, "Bakari, nyamaza, kuna wageni." Zainabu alikuwa amejishikilia kwenye nguzo ya turubai. Mimi nilikuwa nalia nyuma ya ile miwani, mkono haukutetemeka.

Nikatozwa kuku, bila shaka. Watani walikaa kikao wakaniona nina hatia, na nikatii, nikamtafuta pale pale kijijini, mweupe, Fatuma akamkagua mpaka chini ya mbawa. Pilau pia walinipa, sahani imejaa, hakuna aliyeninunia.

Jumatatu nilipoingia ofisini Kaka Hemedi alikuwa anabandika kioo kingine. Akanigeuzia simu nione, na kumbe Nachingwea nzima na Ruangwa nzima zilikuwa zimeitazama ile video yangu, mimi natoka kwenye mihogo, "kuku huyo ni ushahidi," na huko chini maneno ya watu hayana mwisho. Sokoni wauza kuku wakaanza kuniuliza kama wanahitaji kibali. Mtoto wa jirani akinikuta anasimama wima na kunipigia saluti. Nikasema hapana, hii haiwezekani, siwezi kuishi hivi.

Kisha nikakumbuka sheria. Nani aliyeipiga hiyo video? Mimi. Simu ya nani? Yangu. Nikajaza fomu ya malalamiko, mlalamikaji Rehema, mlalamikiwa Rehema, naomba video yangu iondolewe mara moja. Nikaipokea, nikaificha. Kidole kikaenda kwenye kile kitufe kingine. Kikasimama hapo. Safari hii, Mungu anisamehe kwa kuchelewa, nikapiga simu kwanza.

Zainabu akapokea, nikamweleza kwamba kuna video ya kule nyumbani kwao inataka kuondolewa na mwenyewe, wana neno gani. Akasema ngoja. Nikasikia simu inapelekwa ndani, inaminywa sikioni vibaya, mtu anapumua.

"Ni wewe mwanangu, wa hakimiliki?" Ni Bi Somoe. "Sasa hivi imegoma kufunguka. Huwa namsikiliza nikimaliza kuswali. Ile yake mwenyewe umeshaifuta, sikulaumu. Hii ya Fatu utaniachia?"

Nikamwambia naiacha, bibi. Akaniuliza kama ni kweli, maana aliona mimi ni mtu wa kufutafuta. Nikamwapia.

Kwa hiyo msiniulize tena kwa nini iko hapo mpaka leo, na mkitaka kuicheka ichekeni, ninawaomba tu muiangalie hadi mwisho. Na mimi nimejiwekea nadhiri, sibonyezi chochote kabla sijasikia sauti ya mtu, hata awe tapeli aliyejiandika hivyo kwenye paji la uso. Siku ile nilirudi kwenye fomu yangu, nikayakataa malalamiko yangu mwenyewe, nikairudisha video. Kuna sehemu ya kujaza sababu. Nikaandika: mwenye haki ameomba ibaki.